Ambroxan, Cetalox, Iso E Super au zile kali: ipi iingie kwenye chupa yako?

Mteja akiingia dukani na kusema anataka perfume "inayokaa", mara nyingi anaomba, bila kuijua kwa jina, kemikali moja ya ukoo wa ambari. Inaweza kuwa Ambroxan. Inaweza kuwa Cetalox, ndugu yake wa karibu, au Iso E Super, ambayo watu wengine hawainusi kabisa. Au ni zile kali zinazonukia mti mkavu na ambari kwa pamoja, kina Norlimbanol na Ambrocenide, ambazo zinaifanya perfume ya mtu itangulie kuingia chumbani kabla ya mwenyewe. Zote hizi zimetengenezwa kiwandani, na karibu kila manukato ya kisasa unayoyajua yana angalau moja.

Nawaandikia watu wawili. Wa kwanza ni yule anayechanganya mwenyewe, nyumbani au kwenye kibanda cha mafuta ya kupima, na anataka kujua fedha yake kidogo aanze kuitia wapi. Wa pili hachanganyi chochote, ila amechoka kununua chupa ya bei halafu baada ya saa moja haisikii tena puani. Niseme mapema ninapoegemea: kwa kazi nyingi Ambroxan ndiyo ya kununua kwanza, Iso E Super inaifuata, na zile kali ni za kugusa kwa hesabu sana. Kuna sababu, na nyingi zinahusu pua kuliko chupa.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa lebo, maana unaligharimu soko letu. Chupa ikiandikwa "amber" inaweza kumaanisha mambo mawili yasiyohusiana. Moja ni mchanganyiko mtamu na mzito wa utomvu wa labdanamu, benzoini na vanila, ule unaokumbusha peremende na ubani kwa wakati mmoja. La pili ni hizi ninazozilinganisha hapa, ambazo hazina utamu huo: zinanukia kavu, chumvi kidogo, ngozi safi, mbao. Ukipenda utamu na ukanunua Ambroxan, utaona umeibiwa. Hujaibiwa, umeomba kitu kingine.

Ambari yenyewe, kwa ufupi

Hadithi ya ambari inaanzia kwa nyangumi, yule mkubwa mwenye meno anayezama vilindini kuwinda ngisi. Midomo migumu ya ngisi haisagiki vizuri, na ndani ya matumbo ya nyangumi hujitengeneza donge. Donge likitoka na kuelea baharini kwa miaka, jua, chumvi na hewa hulibadilisha polepole, kutoka uvundo wa choo hadi ile harufu tuiitayo ambari. Pwani yetu imelijua donge hili zamani. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika upande huu mwanzoni mwa karne ya 10, aliisifu ambari ya bahari ya Zanji kuliko nyingine.

Ndani ya donge kuna ambreini, molekuli ambayo yenyewe haina harufu. Inapovunjwavunjwa na oksijeni ndipo vinapozaliwa vitu vinavyonukia, na kimojawapo ni ambroksidi. Umbo la ambreini lilifumbuliwa 1946, na maabara mbili kwa wakati mmoja, ya Ruzicka kule Zurich na ya Lederer kule Ufaransa. Mwaka 1950 Hinder na Stoll wa kampuni ya Firmenich, Geneva, wakatengeneza ambroksidi bila kumgusa nyangumi, wakianzia na sklareoli, kitu kinachopatikana kwenye mmea wa Salvia sclarea, jamaa wa mnanaa na rehani. Hapo ndipo biashara ilipobadilika.

Je, halisi ni bora? Ni tajiri zaidi, hilo silibishi. Donge zuri lina bahari, tumbaku, mwani uliokauka, na kwa mbali zizi la ng'ombe. Ambroxan ni uzi mmoja tu kutoka kwenye kitambaa hicho. Lakini halisi haifanani donge kwa donge, Marekani na Australia haziruhusu iuzwe, na mtaani bandia ni nyingi. Kama unayo iliyorithiwa kwenye familia, itunze kwa mafuta ya harusi. Kwa chupa unayotaka itoke ile ile mwezi huu na mwezi ujao, rudi kiwandani.

Ambroxan

Hili ni jina la biashara la ambroksidi, lililoanzia kampuni ya Henkel na sasa liko kwa Kao. Firmenich, ambayo tangu 2023 ni sehemu ya dsm-firmenich, inaiita Ambrox. Givaudan wana Ambrofix. Usitishwe na majina: molekuli ni moja, tofauti ni njia ya kuifikia. Ya kizamani inapitia mashamba ya Salvia sclarea, ambayo mengi yako jimbo la North Carolina, Marekani. Ambrofix inaanzia kwenye sukari ya miwa: vijidudu huichachusha kuwa farnesini, kisha kimeng'enya hufunga pete za molekuli. Kwa pua yangu, ukiziweka karatasi kwa karatasi, kutofautisha ni kazi ya mtu mwenye muda mwingi. Nunua inayopatikana.

Inanukiaje? Kavu, ya joto, yenye chumvi, kama ngozi ya mtu aliyetoka baharini akajikausha juani. Peke yake ni tulivu kuliko watu wanavyotarajia. Kazi yake kubwa ni kuwainua wengine: waridi linakuwa na mwanga, malimau yanakaa muda mrefu kuliko asili yake, sandali inapanuka. Tena inadumu. Karatasi ya kunusia iliyochovywa leo utaikuta bado inanukia wiki kadhaa baadaye, na kwenye kanzu au mtandio inavuka kufua.

Kwa anayenunua chupa, njia rahisi ya kuijua ni Molecule 02 ya Escentric Molecules, iliyotoka 2008, ambayo ni Ambroxan tupu kwenye alkoholi. Ukitaka kuisikia ikiwa kazini, nusa Sauvage ya Dior ya 2015, kazi ya François Demachy. Ule ukavu unaobaki shingoni saa sita baada ya pilipili na bergamoti kuondoka, ndiyo yenyewe. Uipende au uichukie, na wapo wengi wa pande zote mbili, huwezi kusema huijui.

Kwa anayechanganya, Ambroxan inakuja kama chembe nyeupe zinazong'aa, si maji. Haimiminiki, na wengi hukosea hapo kwa kuimwaga chembe nzima kwenye mchanganyiko na kutarajia itayeyuka yenyewe. Pima gramu 1 kwenye chupa ndogo ya kioo, ongeza gramu 9 za alkoholi ya manukato, funga vizuri, kisha iweke chupa kwenye bakuli la maji ya moto ambayo mkono unayavumilia. Tikisa kila baada ya dakika kadhaa. Mwanzoni utaona chembe zinacheza chini, halafu kingo zake zinalegea, halafu ghafla hakuna kitu, maji safi. Hiyo ni asilimia 10 yako, na ndiyo utakayopima nayo daima. Kamwe usiiweke alkoholi karibu na jiko au mshumaa, hata kama una haraka. Ukifanya mafuta badala ya spirei, yeyusha kwenye DPG, kimiminika kisicho na harufu cha kuyeyushia manukato, kwa joto la namna hiyo hiyo, na usiwe mchoyo wa kimiminika: ukizidisha chembe, asubuhi baada ya usiku wa baridi utazikuta zimerudi chini.

Kiasi? Katika chupa iliyokamilika, nusu asilimia tayari inafanya kazi. Asilimia 1 hadi 2 inasikika wazi. Wapo wanaopanda zaidi ya hapo sana, lakini harufu zinaanza kufanana zote, na mteja wako anaanza kukuambia kwamba kila perfume yako inanukia "kama ile ya juzi".

Cetalox dhidi ya Ambroxan

Hapa tofauti ni ndogo na bado watu wanagombana. Molekuli ya ambroksidi ina umbo la kushoto na la kulia, kama jozi ya viatu. Ile ya ambari na ya Salvia sclarea ni ya upande mmoja tu. Cetalox, ya Firmenich, ni mchanganyiko wa pande zote mbili, imetengenezwa kwa njia ya kikemia bila kuhitaji mmea. Ule upande wa pili una harufu dhaifu zaidi, kwa hiyo Cetalox kwa uzito sawa haifikii makali ya Ambroxan safi.

Lakini dhaifu haimaanishi mbaya. Cetalox ni laini zaidi, na kwa wengine ni ya mviringo, yenye hali ya nguo iliyopigwa pasi. Juliette Has a Gun, kampuni ya Romano Ricci, walitoa Not a Perfume mwaka 2010 wakiweka Cetalox peke yake kwenye chupa. Kwa hiyo ukiwa na Molecule 02 kwenye kiganja kimoja na Not a Perfume kwenye kingine, unayo maabara. Mimi nachagua Ambroxan kwa manukato ya kiume na ya jioni, Cetalox kwa kitu cha kuvaa ofisini chenye miski nyeupe. Ukiwa na fedha ya moja tu, usihangaike, chukua Ambroxan.

Iso E Super, na tatizo la pua yako

Iso E Super haikutoka kwenye ambari hata kidogo. Ilitengenezwa na wanakemia wa kampuni ya IFF ya Marekani mwaka 1973, na kwa uzito wa molekuli inakaribia Ambroxan sana: 234 kwa 236. Harufu, hata hivyo, ni nyingine. Ni mbao ya mwerezi iliyolainishwa, na ambari kidogo, na kitu kama joto la kitambaa. Ni kimiminika, haihitaji kuyeyushwa, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na Ambroxan. Ndiyo maana wachanganyaji wanaiweka kwa wingi. Fahrenheit ya Dior ya 1988 inatajwa kuwa na karibu robo yake, na Terre d'Hermès ya Jean-Claude Ellena, 2006, ina nyingi zaidi. Mwaka huo huo wa 2006 Geza Schoen akaiuza peke yake kama Molecule 01, na kumbe watu walikuwa tayari kulipia.

Kinachoshangaza ni kwamba Iso E Super si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa molekuli zinazofanana, na ile iliyo nyingi ndani yake ina harufu dhaifu. Kiasi kidogo cha molekuli nyingine, kilichotokea kama mabaki ya utengenezaji, ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya harufu. Ndiyo maana aina za kampuni mbalimbali hazifanani. Utakutana na Sylvamber, Orbitone ya Takasago, na Timbersilk ya IFF wenyewe. Zote ni jamaa, lakini usibadilishe moja kwa nyingine kwenye mchanganyiko uliouzoea bila kunusa tena.

Na hapa ndipo pua inapoingia. Wapo watu wasioisikia Iso E Super kabisa, au wanaisikia dakika moja kisha inapotea kisha inarudi baada ya nusu saa. Si ugonjwa. Molekuli kubwa za aina hii, pamoja na miski nyingi, ziko mpakani mwa kile ambacho vipokezi vya pua vinaweza kukamata, na watu wametofautiana katika hilo. Hata anayeinusa vizuri, pua yake inachoka haraka. Unajipulizia asubuhi, saa nne unajiambia imeisha, unaongeza. Haikuisha. Jirani yako kwenye daladala anaijua habari yako yote.

Kwa sababu hii siamini neno "inakaa" likisemwa na mvaaji mwenyewe. Ukitaka kulinganisha hizi nne kwa haki, usitegemee pua yako peke yake. Weka tone la kila moja kwenye karatasi nne, zipe namba badala ya majina, na uwape watu watatu ambao hawajakaa na wewe chumbani wakati unachanganya. Waulize lini wanaisikia na wakiwa umbali gani, si kama wanaipenda. Waulize tena baada ya saa tano. Utashangaa jinsi namba mbili inavyokuwa "haina kitu" kwa mmoja na "kali mno" kwa mwingine. Jaribu pia kwa wazee wa nyumbani; pua ya umri mkubwa huwa imepungukiwa, na wao ndio huwa wanataka iongezwe.

Kati ya Ambroxan na Iso E Super, basi, kuchagua ni hivi: Ambroxan inatoa saini, mtu anaigeukia. Iso E Super inatoa mwili, inajaza nafasi kati ya vitu vingine na kuvifanya vionekane vimeshonwa pamoja. Chupa ya Ambroxan bila Iso E Super inaweza kuwa na makali yanayotoka peke yake. Chupa ya Iso E Super bila Ambroxan inaweza kuwa nzuri sana na isikumbukwe. Ndiyo maana viwandani mara nyingi utazikuta pamoja.

Zile kali

Sasa kina Norlimbanol ya Firmenich, Ambrocenide ya Symrise, Karanal iliyoanzia Quest, Ambermax ya Givaudan na Amber Xtreme ya IFF. Kila kampuni ina yake, kwa sababu hapa ndipo kuna mashindano ya nguvu. Hizi zinanukia mbao iliyokatwa sasa hivi, kavu kupita kiasi, yenye ambari, na kwa pua nyingi zina mchomo unaopanda hadi nyuma ya macho. Kiasi chake kinahesabika kwa sehemu ndogo za asilimia. Kwa gramu 100 za manukato, matone machache ya suluhisho la asilimia 1 yanaweza kubadilisha mkondo mzima. Tone moja likizidi, huwezi kulitoa. Utamwaga.

Kwa nini basi zinatumika? Kwanza, kwa chupa moja ni rahisi. Kilo yake inaweza kuwa ghali, lakini kilo inatosha chupa nyingi sana. Pili, hewani hufika mbali, na mnunuzi wa leo amefundishwa kupima perfume kwa umbali. Tatu, na hili linatuhusu watu wa pwani, manukato mengi ya bei nafuu yenye neno "oud" kwenye sanduku yamejengwa juu ya hizi. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba ambako udi hufukizwa jioni, nguo zikatandazwa juu ya kitezo, analijua lile joto la utomvu, lenye utamu mdogo na ngozi. Ananunua "oud" ya spirei, anapata mchomo mkavu. Anasema ni feki. Kwa kweli ni kina Norlimbanol waliochongwa kufanana na udi kwa mbali, na kwa mbali wanafaulu. Wakikaribia, pua ya Mzanzibari inawakataa.

Kati yao, kama lazima nichague moja, ni Ambrocenide, kwa sababu ina mwanga kidogo ndani ya ukavu wake na inachukuana vizuri na maua. Norlimbanol ni kavu zaidi, inafaa kwenye mchanganyiko wa tumbaku, ngozi au udi bandia. Karanal ningeiacha kwa sababu nyingine: Umoja wa Ulaya uliiweka mwaka 2015 kwenye orodha ya vitu vya kuangaliwa sana, kwa kuwa haiozi kwa urahisi na hujilimbikiza kwenye viumbe. Ukitaka kuuza nje siku moja, usijenge mchanganyiko wako juu yake.

Na kuna sababu ya kibinadamu ya kuwa mwangalifu. Hapa Dar, Mombasa au Tanga joto na unyevu huongeza kila kitu. Harufu iliyokuwa nzuri chumbani chenye kiyoyozi, kwenye basi lililojaa saa nane mchana inakuwa adha. Zile kali ndizo huongoza kwa kulalamikiwa. Mtu anaumwa kichwa, na mwenye perfume hajui, kwa sababu pua yake mwenyewe imeshaacha kuisikia. Ukichanganya kwa ajili ya harusi, ambako kuna udi, asumini, jasho na marashi ya watu mia, ongeza kidogo bila wasiwasi. Kwa mwalimu, muuguzi au mtu wa kaunta ya benki, ziache.

Ile harufu kila mtu anaiomba

Huwezi kuzungumzia ambari ya kiwandani bila Baccarat Rouge 540 ya Francis Kurkdjian, maana mteja wa kupima haombi Ambroxan, anaomba "ile ya Baccarat" au moja ya nakala zake za Kiarabu zilizojaa kila duka. Ndani yake kuna ambari ya kiwandani, zafarani, na ethili maltoli inayonukia sukari iliyoungua. Ukiweka Ambroxan pekee na kutarajia harufu hiyo, hutaipata. Ule utamu hautoki kwa ambari. Wanaonakili kwa bei ndogo mara nyingi huongeza sukari na kuongeza zile kali ili kuficha kwamba katikati hakuna kitu. Ndiyo maana nakala moja inapendeza dakika kumi za kwanza halafu inabaki sukari na mchomo. Kama unataka kujaribu, anza na Ambroxan nyingi kuliko ethili maltoli, na ethili maltoli yenyewe pia uiyeyushe hadi asilimia 1 kabla ya kuigusa. Nayo haina adabu.

Lebo, sheria na fedha

Msomaji wa lebo ana faida moja. Iso E Super huandikwa kwenye sanduku kama Tetramethyl Acetyloctahydronaphthalenes, neno refu la kuchosha, na kanuni mpya ya Ulaya ya 2023 imeiweka kati ya vitu vinavyopaswa kutajwa kwa sababu vinaweza kuleta mzio kwa baadhi ya watu. Ukiliona na wewe ni miongoni mwa wasioinusa, usinunue kwa sababu ya sifa ya rafiki. IFRA, chombo cha wenye viwanda vya manukato, pia kimeiwekea kikomo cha kiasi. Ambroxan haina usumbufu huo.

Kwa fedha, Iso E Super ndiyo isiyouma. Ambroxan inauma ukiiangalia kwa gramu, lakini gramu 10 zitakupeleka mbali kwa viwango nilivyotaja. Nunua kwa muuzaji anayekupa cheti cha uchambuzi. Ambroxan safi ni nyeupe, inayeyuka ikifika karibu nyuzi 75, na haina harufu ya mafuta ya taa au plastiki. Ikija ya manjano, inayonata, iliyolowana, irudishe.

Mchanganyiko wa kuanzia

Kwa anayetaka kuona tofauti kwa mikono yake, tengeneza chupa moja ya gramu 50, ya kunyunyizia. Weka Iso E Super gramu 4. Suluhisho la Ambroxan la asilimia 10, gramu 5. Miski nyeupe uipendayo, gramu 2. Malimau au bergamoti, gramu 1 na nusu, na waridi au asumini nusu gramu. Zilizobaki ziwe alkoholi. Kisha tengeneza ya pili ile ile bila Ambroxan, na ya tatu bila Iso E Super, kila pengo ulijaze kwa alkoholi. Ziache kabatini wiki mbili, gizani, ndipo unuse. Chupa ya kwanza itakuwa imejaa, ya pili itakuwa nzuri na bapa, ya tatu itakuwa na makali na utupu katikati. Hapo utajua mkono wako unaegemea wapi kabla hujatumia shilingi nyingine.

Na kama bado unaitaka Norlimbanol, gawa chupa ya kwanza mara mbili, nusu moja uiache kama ilivyo. Kwenye nusu nyingine iingie mwishoni, tone moja la suluhisho la asilimia 1 kwa wakati, na anayenusa kati ya tone na tone awe mtu aliyetoka nje sasa hivi.